Mzungu Hahisi Baridi, Mwafrika Hachoshwi na Jua? Tunajibu Barua Zenu

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huifunika Nairobi tangu alfajiri, na siku nyingine jua halichomozi mpaka saa nane mchana. Huo ndio msimu ambao meza yetu hujaa barua za aina moja: je, rangi au kabila la mtu ndilo linaloamua kama ataweza baridi au joto? Hizi hapa ni saba.

Wakala ameniambia joto la Doha si kitu kwangu

*Wahariri, hamjambo? Nina miaka 24, naishi Ngong. Nimepata kazi ya ulinzi Qatar na ninaondoka mwezi ujao. Nilipomuuliza wakala kuhusu joto alisema, "Nyinyi Waafrika mmezaliwa juani, hamuanguki ovyo." Ni kweli? Na nijitayarishe vipi? – Kijana wa Ngong*

Kaka, si kweli, na ni neno la hatari, maana humfanya kijana aone haya kuomba maji au kivuli. Ngong iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Umekulia kwenye umande na sweta. Doha, Julai na Agosti, adhuhuri hupita nyuzi 40 za Selsiasi na usiku wa manane bado ni kama nyuzi 30. Kuzaliwa Afrika hakukukingi na joto ambalo hujawahi kukaa ndani yake. Mtu wa Norway aliyekwisha kufanya kazi nje huko kwa wiki tatu yuko tayari kuliko wewe uliyetua jana.

Mwili hujifunza joto, na watu wa rangi zote hujifunza kwa njia ile ile. Katika siku 7 hadi 14 za kazi ya jasho, majimaji ya damu huongezeka, moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, na chumvi iliyomo ndani yake hupungua. Kabla ya hapo damu hukimbilia kwenye ngozi ili ipoe, ubongo na misuli hupungukiwa, na mtu huanguka. Ndiyo maana vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo.

Wataalamu wa afya kazini hupanga hivi: siku ya kwanza mgeni akae kwenye joto kwa asilimia 20 tu ya zamu, siku ya pili 40, ya tatu 60, ya nne 80, na zamu kamili ije siku ya tano. Kwa zamu ya saa 8, asilimia 20 ni kama saa moja na nusu. Mwandikie msimamizi ujumbe wa simu mapema ukimweleza kuwa hujazoea joto, ili maneno yabaki. Ukirudi kutoka likizo ndefu nyumbani usiruke moja kwa moja kwenye zamu nzima. Anza na nusu.

Kunywa kikombe kimoja, kama mililita 240, kila dakika 15 hadi 20 bila kungoja kiu, lakini usipite lita 1.4 kwa saa. Wapo wanaokunywa maji matupu lita kwa lita huku hawali. Chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma, wanatapika, halafu wanadhani ni upungufu wa maji na kuongeza mengine. Kwa hiyo usiruke mlo. Siku ya jasho jingi changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi, mimina uanze upya.

Sheria ya Qatar ya 2021 inakataza kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Pia inataka kazi isimame saa yoyote ile ambapo kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kitapita nyuzi 32.1. Kabla ya kutia sahihi, uliza kama lindo lako ni la nje au la ndani, na kama kibanda kina feni na maji ya kunywa.

Shika na hili kwa ajili ya wenzako. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akipepesuka au akizimia, usidhani ni uchovu. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40, ubongo, figo na ini huanza kuharibika. Piga 999, lakini usikae kungoja gari. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe, atapaliwa. Na usidanganyike kwa kuwa bado anatoka jasho. Wafanyao kazi ngumu huanguka nguo zikiwa chapachapa.

Kwa sasa, ukiwa bado Ngong, tembea kwa kasi dakika 60 kila siku saa saba mchana ukiwa umevaa sweta na jaketi mpaka ulowe. Fanya hivyo wiki mbili mfululizo. Haitoshi kuifikia Doha, ila mwili utakuwa umeanza kujifunza. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asijaribu bila kumwona daktari.

Mgeni wangu Mzungu amelala akitetemeka

*Nimempokea mgeni kutoka Uskoti nyumbani kwetu Kikuyu. Mjini huwaona Wazungu Julai wamevaa kaptura, nami nikampa blanketi moja tu. Asubuhi nilimkuta amejikunja na koti lake kitandani. Nimeaibika sana. Kwani Wazungu hawahisi baridi au wanahisi? – Mama wa Kikuyu*

Wanahisi, mama, na wala hukumkosea kwa nia mbaya. Wale wa kaptura wengi ni wapita njia. Mwili hupima baridi kwa kuilinganisha na siku chache zilizopita. Mchana wa Julai hapa Nairobi hufika kama nyuzi 21 au 22, na kwa mtu wa kaskazini hiyo ni siku ya kawaida ya kiangazi. Wengine walifunga begi wakiamini Afrika yote ni jua kali, na hawana suruali nzito ya kuvaa. Mwangalie Mzungu aliyekaa Nairobi miaka miwili: Julai utamkuta na sweta kama wewe.

Jambo la pili ni nyumba. Uskoti baridi iko nje. Ndani kuna mitambo ya kupasha joto, na mamlaka ya afya ya Uingereza hushauri chumba kisipungue nyuzi 18. Nyumba zetu za mawe hazina mitambo hiyo. Ukuta uliopoa usiku kucha hunyonya joto la mwili wa mtu aliyelala karibu nao, hata kama hewa ya chumba si baridi sana. Kwa hiyo mgeni wako ametoka nchi ya baridi, lakini huenda hajawahi kulala katika chumba baridi kama chenu.

Leo usiku anza na godoro, kwa kuwa baridi nyingi hupandia chini. Tandika blanketi moja chini ya shuka na mawili juu. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, shubiri moja inatosha. Funga mapazia saa kumi na mbili jioni kabla vioo havijapoa. Kama una chupa ya mpira ya maji moto, usimimine maji yanayotokota. Yaache dakika chache, jaza theluthi mbili, ibane hewa itoke, funga, viringisha taulo, uiweke upande wa miguu nusu saa kabla hajalala. Chupa iliyoanza kuwa na nyufa itupwe, hupasuka na kuunguza.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo: usimwekee jiko la makaa chumbani, hata kama makaa yameshika yote na hayatoi moshi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Huishika damu kuliko hewa safi inavyoishika, mtu anahisi usingizi na kichwa kizito, analala na haamki. Kila msimu wa baridi familia hupotea hivyo. Jiko litolewe nje kabla ya kufunga mlango, na matundu ya hewa ya juu yasizibwe kwa magazeti.

Tu weusi kwa sababu ya joto?

*Mwanangu wa gredi ya sita ameambiwa na wenzake kuwa sisi ni weusi kwa kuwa tuko karibu na jua, na Wazungu ni weupe kwa sababu ya theluji. Nimweleze nini? – Baba wa Umoja*

Anza na umbali. Jua liko kama kilomita milioni 150 kutoka hapa. Tofauti ya Nairobi na Oslo katika umbali huo haizidi kilomita elfu chache, yaani si kitu. Kinachobadilika ni pembe: huku kwetu miale hushuka wima, kaskazini huja imelala na kupita kwenye hewa nyingi zaidi.

Halafu mweleze kuwa ngozi nyeusi inahusu mwanga. Haihusu joto. Ndani ya jua mna miale isiyoonekana, ya urujuanimno. Ikizidi huharibu ngozi na kuvunja foleti, vitamini ambayo mama mjamzito anaihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ufunge sawasawa. Melanini, rangi nyeusi ya ngozi, huizuia. Lakini miale hiyo hiyo kwa kiasi ndiyo hutengeneza vitamini D. Penye jua hafifu, ngozi iliyopungua rangi ilifaa zaidi, na kwa vizazi vingi watu wa huko wakawa weupe. Theluji haikumpausha mtu. Wainuti wa Greenland na kaskazini mwa Kanada wameishi kwenye barafu maelfu ya miaka na si weupe kama Waingereza, kwa kuwa samaki na wanyama wa baharini waliowala waliwapa vitamini D tele. Na katika mifupa ya mtu aliyeishi Uingereza kama miaka 10,000 iliyopita, iliyopatikana Cheddar mwaka 1903, uchunguzi wa vinasaba wa 2018 ulionyesha kuwa yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi.

Mfanyieni jaribio. Chukueni makopo mawili yanayolingana. Moja lipakeni masizi nje mpaka liwe jeusi tititi, jingine lizungusheni karatasi nyeupe. Tieni mililita 250 za maji katika kila kopo, funikeni, yakae juani nusu saa, kisha pimeni kwa kipimajoto. Jeusi litakuwa na joto zaidi. Mkisahau kufunika au upepo ukivuma upande mmoja, majibu yatayumba, na Julai yetu ya mawingu haifai. Ngojeni siku ya jua. Mtoto atajionea kwamba weusi hauzuii joto, hulikusanya, na kwamba kofia na kivuli ni haki yake kama ya mtoto yeyote.

Ninaenda Winnipeg, wanasema mtu mweusi hufa kwa baridi

*Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Kanada kuanzia Januari. Shangazi zangu wanasema damu yetu si ya theluji. Nimeanza kuogopa. – Dada wa Donholm*

Pongezi, dada. Januari ya Winnipeg, wastani wa usiku na mchana ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na baridi ya namna hiyo huua mtu yeyote aliyevaa vibaya. Aliyevaa vizuri huenda sokoni. Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866, alisafiri Aktiki, eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia, kwa karibu miaka 18 na Aprili 1909 alikuwa pamoja na mpelelezi Robert Peary na Wainuti wanne katika safari ya Ncha ya Kaskazini. Alijifunza kwa Wainuti lugha yao, kuendesha mbwa wa sleji, na kuvaa ngozi za wanyama kama wao.

Shangazi wana punje moja ya ukweli, na ni vyema uijue ilivyo. Kumbukumbu za jeshi la Marekani kutoka vita vya Korea, na za jeshi la Uingereza baadaye, zinaonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika waliumia vidole kwa baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mishipa midogo ya vidole vyao, kwa wastani, hujibana zaidi na huchelewa kufunguka. Hiyo ni habari ya vidole. Haisemi kuwa mwili mzima hauwezi, wala kwamba mtu hatapenda theluji. Maana yake kwako ni kuvaa glavu mapema na kuingia ndani mapema.

Nguo ni matabaka matatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu au polista jembamba. Pamba hunywa jasho, hukaa majimaji na kukupoza. La kati ni la kushika joto: sweta nzito ya sufu au jaketi la manyoya laini. La nje lizuie upepo na maji, liwe na kofia, na lipite makalio. Ukianza kutoa jasho ukitembea, fungua zipu usingoje kulowa. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani na juu yake zile za kifuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto. Buti liwe kubwa kidogo kuliko saizi yako. Kosa la wageni wengi ni kuvaa soksi tatu ndani ya buti la kawaida. Mguu hubanwa, damu haipiti, na vidole hupoa haraka kuliko ungevaa soksi moja. Lazima uweze kuvichezesha.

Usimalizie akiba yako kwenye soko la mitumba la Gikomba. Makoti mengi ya huko ni ya msimu wa nyuzi sifuri, si thelathini chini ya hapo. Nunua hapa vya kukufikisha kutoka uwanja wa ndege: boshori, skafu, glavu, sweta nzito na jaketi lisilopitisha upepo. Vingine tafuta kule, hata mitumba yao ni mizuri.

Katika taarifa za hewa angalia namba ya baridi ya upepo. Nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, huhisiwa kama 33 chini. Kwa kiwango hicho ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Vitabu vingi vitakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyogeuka kijivu au kupauka kama iliyopakwa majivu, inayong'aa kama nta, ngumu ukiibonyeza. Angalia ncha za pua na masikio, mashavu, kucha. Kidole kikiuma bado kiko hai. Maumivu yakikoma ghafla ukiwa bado nje, hapo ndipo pa kushtuka. Ingia ndani, vua pete, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, uvuguvugu ambao kiwiko cha mtu mwingine kinauona mzuri, dakika 15 hadi 30 mpaka ilainike. Kuwasha na kuuma kutarudi, ni dalili njema. Usisugue, usitumie theluji, usiote hitani wala moto, kwa kuwa kidole kisichohisi kitaungua bila wewe kujua. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, usikiyeyushe kwanza, nenda hospitali. Pombe haipashi joto: hufungua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje.

La mwisho ni vitamini D. Winnipeg, kuanzia kama Novemba hadi Machi, jua liko chini mno kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi hata wakati wa kiangazi. Kanada hushauri mtu mzima apate mikrogramu 15 kwa siku, yaani yuniti 600, na asipite mikrogramu 100. Mpe daktari wako wa kule habari hiyo mara tu ukijiandikisha, na upake mafuta mazito usoni. Hewa ya nyumba zenye hita hukausha mno.

Nimewapanga watu wa Kinangop chumba cha baridi

*Ninasimamia ghala la maua karibu na uwanja wa ndege. Waridi hukaa nyuzi 2 hadi 4. Huwa napeleka watu wa Kinangop na Limuru ndani, wa Pwani na Turkana nawaweka meza za kufunga, kwa kuwa wamezoea hivyo. Mmoja amelalamika. Nimekosea wapi? – Msimamizi*

Bwana msimamizi, umekosea mahali pawili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kubagua mfanyakazi kwa kabila au asili yake, na kupanga kazi ngumu kwa kutazama mtu alikotoka kunaingia humo hata kama nia ilikuwa njema. Kosa la pili ni la mwili. Aliyekulia Kinangop amezoea asubuhi za nyuzi 6 au 8, tena kwa koti, chai na kazi ya jembe. Hajazoea saa 8 ndani ya nyuzi 3 huku akishika maji. Mazoea ya baridi ni madogo kuliko ya joto: mtu hupunguza kutetemeka na kuacha kulalamika, lakini vidole vyake hupoa vile vile. Na asiyelalamika ndiye huumia kimyakimya.

Tatizo kubwa katika ghala la maua ni mikono mibichi. Maji huchukua joto la mwili kama mara 25 zaidi ya hewa. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mtu huanza kuangusha vitu, na kisu cha kukatia mashina hujeruhi. Mpe kila mmoja glavu ya kitambaa ndani na ya mpira nje, jozi mbili kwa zamu, ili moja ikauke. Buti la mpira liwe na soli nene na nafasi ya soksi ya sufu, maana saruji ya chumba hupoza mguu haraka. Anayesukuma troli afungue zipu. Anayesimama kuhesabu afunge. Wengi hupata shida pale msukuma troli aliyelowa jasho anaposimama dakika 20 kungoja lori.

Zungusha watu wote, wa Pwani kwa wa Kinangop. Sisi tungepanga dakika 50 ndani na 10 nje, penye joto, na uji au chai ya moto, kisha nusu ya pili ya zamu mezani. Uliza siri siri, si mbele ya wenzake, nani ana pumu, kisukari, ujauzito, au vidole vinavyogeuka vyeupe kabisa akishika baridi. Hao ndio wa kuwaondoa ndani, na orodha yao haitafuata ramani ya makabila. Kabla ya zamu jaribu mwenyewe kama mlango unafunguka kutoka ndani. Mavazi hayo ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Eti Wazungu walichukua nyanda za juu kwa sababu ya afya?

*Tukiwa vijana tuliambiwa mkoloni alikaa penye baridi kwa kuwa mwili wake haukuweza joto. Lilikuwa jambo la daktari au la siasa? – Mzee wa Kaloleni*

Shikamoo mzee. Madaktari walilisema, wanasiasa wakalitumia. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alidai kuwa miale ya jua la tropiki huharibu neva za watu weupe. Walowezi wa Kenya waliiamini dhana hiyo hata wakiwa mita 2,000 juu, penye ubaridi. Walivaa kofia nzito za helmeti na kitambaa kinene cha kukinga uti wa mgongo, wao na watoto wao. Kufikia miaka ya 1940 mambo hayo yalikuwa yameachwa, na hakuna aliyepooza.

Lakini ardhi ilikwisha kugawanywa. Sheria ya ardhi ya 1902 ilifungua njia, Wamaasai wakahamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, na amri ya 1939 ikathibitisha rasmi kuwa nyanda hizo ni za Wazungu. Dhana yenyewe ilijipinga. Kama ubaridi wa juu uliumbiwa ngozi nyeupe, Wakikuyu, Wamaasai na Wanandi waliishije huko vizazi na vizazi?

Sababu moja ya kweli ya kiafya ilikuwepo, nayo ni mbu: malaria hupungua kadiri unavyopanda. Ila mbu haumi kwa rangi. Hapa mjini, ripoti ya 1913 ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya ya umma kutoka Uingereza, ilipendekeza watu watengwe kwa rangi kwa jina la usafi. Matuta ya magharibi yenye udongo mwekundu unaopitisha maji yakawa ya Wazungu. Waafrika wakapata tambarare ya mashariki yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha maji hukaa juu. Magonjwa yalipozidi upande huo, wakalaumiwa wakazi badala ya mtaro usiochimbwa.

Wakenya hushinda marathoni kwa kuwa wamezoea joto?

*Rafiki yangu anashikilia hivyo. Tumebishana wiki nzima. – Shabiki wa Kasarani*

Ndugu, mwambie Iten iko kama mita 2,400 juu, na wanariadha hutoka alfajiri na glavu na boshori. Muda mzuri wa marathoni hupatikana penye ubaridi wa nyuzi 10 hivi; Eliud Kipchoge alikimbia saa 1:59:40 mjini Vienna Oktoba 12, 2019, asubuhi ya baridi. Wiki mbili kabla yake, Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza usiku wa manane kwenye joto la nyuzi 30 na ushei na unyevu mwingi. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa polepole sana kwa kiwango chake, na wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza, wa mabara mbalimbali.

Upande wa pili kuna Philip Boit wa Eldoret, aliyeshindana kuteleza kwenye theluji huko Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa 92, wa mwisho. Hakushindwa na baridi. Alianza kujifunza mchezo huo mwaka 1996 tu, mbele ya watu waliovaa mbao za kutelezea tangu wakiwa watoto, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimngoja mwishoni amkumbatie.

Kama wewe au rafiki yako mnakwenda kukimbia Mombasa, fikeni siku 10 kabla. Mkimbie dakika 60 kila siku, polepole, kuanzia saa tatu asubuhi, na mjipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Siku ya mbio msitegemee kumwagia maji kichwani peke yake. Unyevu wa Pwani huzuia jasho kukauka, na jasho linalodondoka bila kukauka halipozi mwili. Pungueni kasi kilomita tano za kwanza.